Nondo wa Bi Shaikha

Siku baba alipotimiza miaka sabini na tisa alitutangazia mezani kwamba hataki kanzu mpya wala saa ya mkono. Alichotaka ni mama apewe nondo, tena upesi, kwa sababu mama ameshatangulia na yeye mwenyewe yuko njiani, na maiti wawili hawawezi kufuatilia karatasi.

"Baba," nilisema, "watu huwachimbia marehemu visima."

"Visima vimechimbwa. Kaka zako wamechimba viwili. Mimi nnataka nondo. Wa kumpa nnaye. Kazi iliyobaki ni yako."

Mimi ni Hajar, mtoto wa mwisho wa Mahfoudh, na kazi zote zinazobaki katika nyumba yetu ya Ansab, Maskati, huwa zangu. Asubuhi nafanya kazi maabara, napima damu za watu. Mchana narudi kwa baba. Kaka zangu wana wake na watoto, mimi nina hadubini. Nasema hivyo bila uchungu, au kwa uchungu kidogo tu. Watu husema nina ulimi wa pilipili, na mtu wa kwanza kusema hivyo alikuwa mama mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mtu akimpata mdudu asiyejulikana, akamwandika vizuri na wataalamu wakakubali, ana haki ya kumpa jina. Jina hilo hubaki vitabuni hata wote waliolijua wakishakuwa udongo. Baba alikuwa na nondo wa Amerika aliyeamini kwamba hana jina. Akithibitishwa, nondo huyo angeitwa kwa jina la mama yangu, Shaikha, likiwa na kijimkia cha Kilatini mwishoni. Baba alikuwa ameshalifanyia mazoezi. Nilimsikia mara nyingi kwenye kiti chake akisema "shaikhae" peke yake, polepole, kisha anatabasamu.

Habari za nondo huyo zilianza mwaka 1981, baba alipopelekwa Arizona na serikali kusomea wadudu wa mazao. Alikwenda na bibi harusi wa miezi mitatu ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Mchana kutwa baba alikuwa chuoni na mama alikuwa peke yake na ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mweupe, nje ya chumba cha kufulia, na juu yake palikuwa na taa iliyowashwa kila magharibi. Nondo wadogo walikuja kutua pale. Mama akaanza kuwakamata kwa gilasi ya chai: anamfunika mdudu, anapitisha karatasi chini, anamngoja mume wake. Baba anasema aliposhindwa kumtafutia shoga wa kuzungumza naye, alimnunulia gilasi ya pili.

Wengi wao walikuwa nondo wa kawaida. Lakini Agosti ile mama alikamata sita wa aina moja, wadogo kama punje za mchele, ambao baba hakuwaona katika kitabu chochote. Aliwachoma kwenye pini nyembamba, akawapanga katika mkebe wa mbao uliotandikwa chini ubao laini wa kizibo wa kuchomea pini, akasema atamwuliza mwalimu wake. Kisha mitihani ikaja, mama akawa mjamzito, wakarudi Maskati, na mkebe ukaingia kabatini kwa miaka arobaini na zaidi.

Mama alifariki Juni 2021, wakati wa korona. Macho ya baba yalikuwa yameshaanza kuliwa na presha, na baada ya kifo kile yaliharakisha, kama vile hayakuona tena sababu ya kubaki. Leo anaona mwanga na vivuli. Ndiyo maana mkebe ulipotolewa kabatini aliniwekea mapajani akaniambia nimweleze nilichokiona.

"Wana mabawa ya dhahabu," nilimwambia. Na ilikuwa kweli. Dhahabu iliyotulia, ya kizamani, kwa wote sita.

"Ndivyo walivyo," alisema baba. "Nnakumbuka vizuri. Hakuna mwengine duniani mwenye rangi hiyo."

Nilipiga picha kwa simu kupitia kioo cha hadubini, nikazituma kwa Dokta Halvorsen, bibi mmoja wa chuo cha kule kule Arizona, ambaye maisha yake yote ni nondo wasiofika sentimita moja. Alijibu siku ya pili yake. Alisema rangi ile hajapata kuiona katika ukoo mzima, na wenzake wawili aliowaonyesha nao hawajapata. Akasema anaanza kuamini. Ila picha pekee haitoshi: mmoja lazima apasuliwe tumbo, aangaliwe viungo vya uzazi, kwa sababu nondo wadogo hufanana kwa kila kitu isipokuwa hapo.

Baba yangu ni mtu anayegeuza uso televisheni ikitangaza sabuni ya kuogea. Siku hiyo alinifundisha viungo vya uzazi vya nondo kwa nusu saa nzima, uso ameuinamisha kwenye zulia. Alisema Mungu amemuumba kila mmoja na kufuli yake na ufunguo wake, na kwa hiyo aina haziwezi kuchanganyikana. Nilipouliza swali la pili alisema, "Mengine utayaona mwenyewe," akaomba chai.

Mkono wangu si mzito, lakini kwa kazi ile tulihitaji mkono wa Nakimuli. Nakimuli ni msichana wa Uganda aliyekuja kutusaidia nyumbani mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Kampala alikuwa fundi wa kubandika kope, unywele mmoja mmoja juu ya jicho la mteja aliyelala, na vibano vyake alikuja navyo Maskati hata alipojua kwamba kazi inayomngoja ni ya kupiga deki. Nilimwonyesha nondo chini ya hadubini nikamwuliza kama atamweza.

"Madam, hii ni kubwa," alisema. "Kope ndiyo ndogo."

Tulifanya kazi jikoni, chini ya feni ya kutolea moshi, kwa sababu baba hapendi harufu za dawa. Nakimuli alilikata tumbo la nondo mmoja kwa ncha ya sindano. Tukaliweka katika potasi niliyoinunua Wadi Kabir, kwenye duka la vifaa vya viwandani, ambapo mwenye duka aliniuliza mara tatu kama nazibua choo. Nyama iliyeyuka, ikabaki ngozi na vile viungo vigumu. Nikavikagua kwa muda mrefu, nikalinganisha na michoro ya Dokta Halvorsen, kisha nikaenda sebuleni.

"Jike," nilimwambia baba.

"Alhamdulillah," alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia, naambiwa, siku nilipozaliwa mimi.

Niliporudi jikoni Nakimuli alikuwa amelishikilia bawa la yule nondo juu ya kisahani, ameliangushia tone la spiriti kuliondolea vumbi, kama nilivyomwagiza. Hakuinua kichwa.

"Madam, kuja uone. Anachuja rangi."

Spiriti ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Bawa lililobaki chini yake lilikuwa la kijivu, kijivu cha kawaida kabisa, na juu yake vidoa vitatu vyeusi. Nililitazama mpaka macho yakaniuma. Nikamwambia aongeze tone jingine, na dhahabu iliyobaki pembeni nayo ikatoka.

"Hii si rangi yake," alisema Nakimuli. "Hii ni moshi. Ile pazia ya chumba ya mzee iko hivi. Nilifua mara tatu, maji ikatoka hivi hivi."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Nilijua ni moshi gani, na nilimjua aliyeufukiza.

Mama alikuwa na Alhamisi zake. Baada ya sala ya alasiri alitia makaa katika chetezo, akafukiza nguo zote za nyumba, za kuvaliwa na za kukaa, kwa udi aliopika mwenyewe. Wanawake wenzake walifukiza ili nguo zinukie na nondo wasizile. Mama aliufungua na mkebe wa nondo akaufukiza pamoja na nguo. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa mtoto mwenye maswali, nikamwuliza kwa nini anawapa wadudu udi wetu. Alisema, "Hawa wageni, Hajar. Hawana mtu hapa." Hesabu mwenyewe Alhamisi za miaka arobaini. Sukari na utomvu wa udi viliwashika unga wa mabawa tabaka juu ya tabaka, mpaka wakawa nondo ambao Amerika nzima haijapata kuwaona.

Nilitaka uhakika zaidi, au nilitaka mtu wa kunikanusha, nikakiinua kile kizibo cha chini ya mkebe. Chini yake palikuwa pametandikwa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa hati ya mama, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na bibi yake. "Leo nimempata mmoja wa kijivu," aliandika, "ana vidoa vitatu vyeusi, mdogo mno. Mahfoudh kafurahi."

Nitasema kweli: nilimkasirikia mama. Nilisimama jikoni nikamkasirikia marehemu kwa kuwa mkarimu kwa wadudu. Kisha nikamkasirikia baba aliyesahau, na Dokta Halvorsen aliyeamini, na mimi mwenyewe niliyenunua potasi. Ningeweza kunyamaza. Picha za dhahabu zilikuwa zimeshafika Arizona na jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye rasimu ya Dokta Halvorsen. Mpaka mtu aje kugundua, ingepita miaka, na baba angekuwa amekwenda zake na furaha yake mkononi. Hilo ndilo nililolifikiria kwa siku mbili, na sioni haya kulisema.

Siku ya pili Nakimuli aliniuliza, "Utamwambia mzee?"

"Sijui."

"Atajua. Leo umeweka chumvi kwa chai yake, na akakunywa yote akanyamaza."

Nikaenda sebuleni na kikombe kingine. Baba alinyoosha mkono kukipokea, nami nikasahau kukitoa.

"Umeishika chai yangu, hunywi wala hunipi," alisema. "Sema."

"Nondo si wa dhahabu, baba."

"Nani kasema?"

"Mama kasema."

Nilimsomea ile karatasi. Akaniambia niisome tena, kisha sehemu ya mwisho peke yake, ile ya Mahfoudh kafurahi. Nikamweleza habari ya udi na spiriti, haraka haraka, kama mtu anayeng'oa plasta. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na ilinihuzunisha jinsi ilivyokuwa haina la kufanya.

"Hebu nioneshe," alisema mwishoni.

"Hutaona, baba."

"Nioneshe hivyo hivyo."

Nilimwita Nakimuli na kisahani chake. Tulizima kiyoyozi, kwa sababu pumzi yake tu ingetosha kumpeperusha mdudu wa ukubwa ule, na kwa Agosti ya Maskati jasho lilianza kututiririka kabla hatujakaa. Baba aliegemea mbele, uso wake karibu ya kisahani. Nakimuli akamwangushia nondo wa pili tone moja, akapitisha brashi.

Harufu ya spiriti hupanda kwanza, kali, halafu hukimbia. Jikoni feni iliichukua pamoja na kila kilichoifuata. Sebuleni hapakuwa na feni. Nyuma ya spiriti ikaja harufu nyingine, nyembamba, kisha ikatanuka.

Udi wa mama haukuwa na mfano. Aliupika kwa sandali, sukari, marashi na miski, na kitu kimoja zaidi alichokitia mlango ukiwa umefungwa. Hakumwambia mtu. Wake za kaka zangu walijaribu, na mimi nilizunguka maduka yote ya udi kuanzia Wattaya mpaka Matrah, nikarudi na paketi ambazo Nakimuli anazifukiza mpaka leo na ambazo hazifanani nao hata kidogo. Kila mtu katika familia alikuwa amekubali kwamba harufu ile imezikwa na mwenyewe.

Baba aliinua kichwa akautazama mlango. "Shaikha," alisema, kwa sauti ya kila siku, kama mtu anayemwita mke wake aliyechelewa kuleta sinia. Kisha akainua mkono akaiweka kofia yake sawa.

Sikukaa kumtazama. Niliizuia pumzi yangu, nikatoka, nikaenda jikoni nikasimama chini ya feni. Mama alipolazwa, wakati ule wa korona, nilikwenda na nguo zangu za kazi na kitambulisho changu cha maabara, nikidhani vitanifungulia njia. Havikunifungulia. Nilisimama nje ya mlango wa wodi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha zamu yangu ikaanza upande mwingine wa mji, nami nikaenda. Alipokata roho nilikuwa napima vipimo vya watu nisiowajua. Hatukumwosha sisi wanawe. Hatukuifukiza sanda yake. Tangu siku hiyo sikulia, na kwa akili zangu mwenyewe niliamua kwamba mtu ambaye hakuruhusiwa kuingia hana haki ya kulia nje.

Niliporudi sebuleni harufu ilikuwa imekwisha. Baba alikuwa amejifuta uso.

"Mwandikie huyo mama wa Amerika," alisema. "Mwambie yote, na udi mwambie. Usipunguze kitu."

Niliandika. Nilitegemea aya mbili za adabu. Badala yake Dokta Halvorsen alinipigia simu, na nilipoiweka simu kwenye meza ili baba asikie, jambo la kwanza tulilolisikia lilikuwa kicheko, na la pili mtu akipenga kamasi. Alisema ameshawatambua. Nondo wa kijivu wenye vidoa vitatu wana jina tayari, walipewa zaidi ya miaka mia iliyopita na mtu aliyekuwa na madume wawili tu. Dume la tatu lilipatikana miaka ya hamsini. Baada ya hapo hapana, na jike hakuna aliyepata kumwona. Katika mkebe wetu, kwa alivyowatazama vipapasio na matumbo kwenye picha zangu mpya, majike ni wanne.

"Kwa hiyo jina halibadiliki," alisema baba kwa Kiingereza chake cha mwaka themanini na moja.

"Halibadiliki, Bwana Mahfoudh. Samahani."

Niliona jinsi lilivyomwingia. Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Dokta Halvorsen akaendelea, kwa upole, kwamba tukikubali kuwaosha wote na kumpelekea, ataandika habari za jike kwa mara ya kwanza, na vitabu vyote vitakavyokuja vitamweleza jike kutokana na hao wanne. Akasema hajui ni vipi wamedumu miaka arobaini katika unyevu wa pwani bila kuliwa na vidudu wala kuota ukungu. Anadhani ni ule moshi. Halafu akauliza swali la kazi, la kujazia fomu: ni nani aliyewakamata? Kwenye vikaratasi vilivyochomwa kwenye pini, chini ya kila nondo, anasoma jina la baba.

Baba alinigeuzia uso.

"Nilijiandika mimi," alisema kwangu, kwa Kiswahili. "Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Mama yako alisimama pale ukutani na gilasi, na mimi nikaandika jina langu, mara sita. Wala hakusema kitu. Unafikiri nondo nnamtakia nini?"

Kwa kanuni ya kazi hiyo kikaratasi cha zamani hakitolewi kamwe, hata kikiwa na kosa. Cha kusahihisha huchomwa chini yake. Siku ile ile nilikata vikaratasi sita vya ukubwa wa ukucha wa mtoto, na kwa kalamu nyembamba kuliko zote nikaandika alichonitamkia: amekamatwa na Shaikha binti Hamood, Tucson, Arizona. Aliniambia nimsomee kila kimoja nilipokimaliza, ingawa vyote vilikuwa sawasawa. Nilisoma vyote sita.

Kuhusu kuosha, mimi nilikataa. Nilimwambia baba kwamba Wamarekani wameishi miaka mia bila jike, wanaweza kukaa mia nyingine. Kwamba wawili wametosha, wanne waliobaki wakae kabatini na udi wao, na siku akitaka kunusa mkebe aunuse. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Mkebe nimeshaunusa," alisema. "Haunuki. Mpaka mtu awaoshe." Akapapasa meza mpaka akaugusa mkebe. "Na mama yako hakuwakamata ili wakae kabatini, Hajar. Alikuwa akiniuliza kila mwaka, wale umeshampelekea mwalimu? Kila mwaka namwambia mwakani."

Basi tukawaosha, mmoja kila siku, kwa sababu baba hakutaka waishe kwa pamoja. Baada ya alasiri alikoga, akavaa kanzu safi na kofia, akaja sebuleni kama anayekwenda kuposa. Mimi nilizima kiyoyozi na kufunga madirisha, Nakimuli akashika kibano. Kila siku, tone likianguka, mimi nilikuwa nimeshafika jikoni. Nakimuli alikuwa akinieleza baadaye bila kuulizwa. Siku moja mzee alicheka. Siku nyingine alizungumza maneno mengi ambayo yeye hakuyafahamu, halafu akamwomba msamaha, yeye Nakimuli, kwa kumliza.

"Mimi simjui mama yako," aliniambia siku hiyo, akikausha vibano vyake. "Lakini sasa nikimpita mahali nitamjua."

Akabaki mmoja, jike, mwenye vidoa vilivyokolea kuliko wenzake wote. Siku yake nilitayarisha kila kitu, nikafunga madirisha, nikamwekea baba kiti. Alikuja amekoga, amevaa, lakini hakukikalia. Alipapasa ukuta mpaka akafika mlangoni.

"Leo kaa wewe pale," alisema.

"Mimi nna kazi jikoni."

"Jikoni hapana kitu. Nakimuli kashapika."

"Baba, huyu anaweza kwenda hivyo hivyo. Dokta atamwosha mwenyewe huko huko, ana vifaa vizuri kuliko sisi."

Hakushughulika na hayo. "Mimi nimekaa naye miaka arobaini," alisema, "na wiki hii nimeagana naye mara nne. Nikiomba na ya tano nitakuwa nnaiba. Wewe ulifungiwa mlango, mwanangu. Kaa."

Nilikaa, kwa sababu hasira yangu yote ilikuwa imenikimbia na sikuwa na kitu kingine cha kusimamia. Nakimuli hakunitazama usoni. Alimweka nondo kwenye kisahani, akaangusha tone, akapitisha brashi. Spiriti ikapanda. Niliizuia pumzi kama nilivyoizoea, nikahesabu, na nilipofika ishirini na kitu mwili ulinishinda, nikavuta.

Alikuwa yeye. Alikuwa yeye mzima, sandali na sukari iliyoungua, marashi, na kile kitu ambacho hakukitaja kwa mtu. Alikuwa na kanga begani na Alhamisi mkononi, ananiambia nisogee anapita. Nilimpenda mno mama yangu, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote hivyo tangu afe, hata yeye. Kilio kilinitoka kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo.

"Nilikuja, mama," nilisema. "Walinizuia mlangoni. Nilikuja."

Nakimuli aliendelea kupitisha brashi, polepole, ili isiishe haraka. Kengele ya nje ikalia, mtu akaita hodi, na baba akaegemeza mgongo wake kwenye mlango wa sebule, akapanua miguu kidogo, akamwambia mtu huyo angoje.